Mbegu Ambazo Hazikuwemo Kikapuni

Kule Cimpunda, mtaa wa mji wa Bukavu, ambako nyumba zimebanana mlimani hadi ukikohoa jirani anakupa pole, aliishi mama mmoja aliyeitwa Adèle. Kwenye kitambulisho aliandikwa Nabintu, maana miaka ile ya Zaïre serikali ilikuwa imeyapiga marufuku majina ya ubatizo, na watu wakayaweka nyumbani pamoja na vyombo vya wageni. Ofisini alikuwa citoyenne, yaani mwananchi Nabintu. Jikoni, shambani na kanisani alibaki Adèle, na huyo Adèle ndiye ninayetaka kumsimulia.

Hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alizaliwa Kabare, mamaye akafariki angali mdogo, akalelewa na shangazi zake, waliosukumiana malezi yake kama mzigo usio na mwenyewe, kisha akaolewa na Ignace, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha mjini. Shamba lao lilikuwa juu Ciriri, kipande cha mteremko chenye migomba michache, na chini ya migomba maharage. Cheo hakupata, ila kimoja tu: alichaguliwa presidente wa akina mama wakulima wa mtaa wake. Cheo chenyewe kilikuja na kiti cha mbele mikutanoni na basi, lakini Adèle alikivaa kama kofia ya askofu, na ndicho kilichomponza.

Ili mambo yaeleweke, lazima kwanza nieleze juu ya kikapu. Katika ukoo alioolewa Adèle, mbegu za maharage zilikuwa mali ya wanawake. Mwanaume angeweza kuuza shamba, mbuzi, hata mabati ya nyumba, lakini kwenye mbegu hakutia mkono. Msichana alipoolewa, mamaye alimpa kikapu cha mbegu zilizochanganywa, nyeupe, nyekundu, njano, za madoadoa, za michirizi, kila moja na jina lake la Kimashi na kazi yake. Moja iliwahi kukomaa kabla ya nyingine ikawatoa watu katika njaa. Nyingine ilivumilia udongo uliochoka. Nyingine, ndogo nyeusi isiyovutia macho, ilistahimili mvua nyingi, nao waliiita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema Mtoto wa Mvua. Zilipandwa pamoja shimo kwa shimo, na msimu uwe mbaya namna gani, baadhi zilikufa na baadhi zikatia kitu chunguni.

Adèle hakuwa na mama wa kumpa kikapu. Siku ya harusi yake aliingia kwa mume mikono mitupu, akiwa ameinamisha uso, na wanawake wa pale waliona na wakaanza kutazamana. Ndipo mama mkwe wake, Cibalonza, akaingia chumbani, akatoka na kikapu chake mwenyewe na kukiweka kwenye mapaja ya bibi harusi. Akasema mbele ya wote kwamba huyu si mkwe, huyu ni binti yake. Adèle alilia siku hiyo, na kila alipopanda maharage miaka iliyofuata alikumbuka kwamba amepewa kitu ambacho hakuwa na haki nacho.

Sasa, karibu na mwisho wa miaka ya sabini, ukaja mradi mmoja wa kilimo. Sitasema ulitoka wapi, maana miradi ilikuwa mingi na yote ilikuja na gari jeupe. Mradi huo ulileta haragwe moja, kubwa, jeupe kama meno ya mtoto, linaloiva upesi na lote kwa wakati mmoja. Shule za bweni na kambi zililitaka, kwani mpishi wa watu wengi hana muda wa kungoja punje nyekundu ziive wakati nyeupe zimeshapondeka. Pamoja nalo zilikuja mbolea za kiwandani ndani ya mifuko, na dawa ya wadudu. Masharti yalikuwa rahisi: ulete gunia la mbegu zako za zamani, upewe gunia la mbegu mpya. Za zamani zilipelekwa kwenye sufuria za vibarua.

Agronomu, mtaalamu wa kilimo wa mradi, aliitwa Philémon, kijana mpole, abacost yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi hata siku ya matope. Nasema hivi ili msije mkamtupia lawama. Yeye mwenyewe alimwambia Adèle, wamesimama mlangoni pa ghala:

“Mama presidente, usitoe yote. Weka kidogo ku nyumba. Mbegu mupya tunaijua miaka mbili tatu tu.”

“Nilisha weka,” akajibu Adèle.

Na kweli alikuwa ameweka, wakati huo. Kila mwanamke wa ukoo ule aliweka akiba ya mbegu ndani ya majani makavu ya mgomba, akaifunga kamba na kuining'iniza juu ya moto ili moshi uwafukuze wadudu. Lakini gunia lake halikujaa. Lilipungukiwa viganja vichache, na mradi ulikuwa umetangaza kwamba akina mama watakaoleta gunia kamili kwanza watapewa shamba la mfano kando ya barabara, pamoja na kibao chenye jina. Adèle alikuwa presidente. Atawezaje presidente kuona kibao cha mtu mwingine? Akarudi nyumbani mbio, akafungua akiba ya juu ya moto, akaimimina yote guniani. Hakusita hata kidogo, na jambo hilo lilikuja kumuumiza baadaye kuliko kitendo chenyewe.

Jioni yake akafunga majani mengine ya mgomba, akayajaza punje za mahindi, akayaning'iniza palepale. Alifanya hivyo kwa sababu Cibalonza aliishi uani kwao, na swali likampata kama alivyotarajia, mzee akimwita kwa jina la binti yake.

“Mama Constance, ile ya juu ya moto iko?”

“Iko, mama.”

“Ndio vizuri. Ingine yote ni bitu ya bazungu, inaweza kuja, inaweza kwenda.”

Msimu wa kwanza ulimpa Adèle raha ya kuonwa. Maharage meupe yalijaa, magunia yakasimama kando ya barabara, kibao kikang'aa jina lake. Kichwa kikavimba. Akazunguka Cimpunda akiwahimiza wenzake, na wale waliosita akawasema mkutanoni. Kulikuwa na mjane mmoja, Euphrasie, aliyekataa kubadilisha mbegu zake. Adèle akamwambia mbele ya watu kwamba wenye kung'ang'ania mchanganyiko wanapenda tu kubaki nyuma, na kwamba shamba lake linafanana na nguo ya viraka. Watu wakacheka. Euphrasie aliinamisha kichwa akachezesha kidole cha mguu kwenye vumbi, naye Adèle akaendelea na ajenda.

Msimu uliofuata mbolea haikufika. Gari jeupe lilikosa mafuta, kama kila gari Zaïre nzima, na Philémon akahamishiwa kwingine. Mwezi wa nne ikanyesha mvua isiyojua kupumzika. Mizizi ya maharage meupe ikaoza yote pamoja, kwa kuwa yalikuwa ndugu wa tumbo moja na alichougua mmoja waliugua wote. Adèle alipanda mlima kwenda Ciriri asubuhi moja akakuta shamba limelala chini, la njano, linanuka. Jirani, kwa Euphrasie, nako kulikuwa na mapengo, lakini katikati ya mapengo mimea mifupi ilisimama na maua yake. Aliijua hata kutoka mbali. Ilikuwa Mtoto wa Mvua.

Kumwomba Euphrasie kiganja kimoja cha mbegu kingetosha. Mtu mwingine angeomba. Lakini kila Adèle alipopiga hatua kuelekea mpaka wa shamba lile, maneno yake ya mkutanoni yalimrudia, viraka na kubaki nyuma, na shingo ikawaka moto. Isitoshe, alikuwa amewaambia watu wote kwamba akiba yake iko salama juu ya moto. Aombe kwa sababu gani? Akageuka akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na tangu siku hiyo akawa anapita njia ya nyuma.

Wenzake waliomfuata nao walipoteza mavuno. Hawakumtukana. Walianza tu kumsalimu kwa ufupi, na kwenye mikutano kiti cha mbele kikawa hakina joto. Adèle aliona haya hata kununua maharage sokoni Kadutu, yeye mkulima, akawa anamtuma Constance.

Constance ndiye binti yake mkubwa, msichana mwenye mikono myepesi, asiyesema maneno mengi. Mwaka huohuo alichumbiwa na Honoré, mwalimu wa shule ya msingi huko Kalehe, na harusi ikapangwa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Ng'ombe walikubaliwa, kasiksi, pombe ya ndizi, ikapikwa, mashemeji wakahesabiwa viti. Adèle alicheka na kila mgeni aliyekuja, lakini moyo wake ulikuwa mahali pamoja tu. Binti yake alistahili kikapu, na kikapu hakikuwa na kitu.

Angeweza kusema. Hili alilijua kila siku, na kila siku alilisogeza mbele. Angemwambia nani? Cibalonza, aliyemvua aibu siku ya harusi yake? Angeanzia wapi, kwenye mahindi ya juu ya moto au kwenye kibao? Badala yake akajifunga kitenge na kuzunguka masoko. Alienda Kadutu, akaenda hadi kwa wachuuzi wanaoshuka kutoka Walungu na Nyangezi, akichagua punje moja moja kwenye marundo ya watu, hii njano, hii ya michirizi, mpaka wachuuzi wakamuuliza kama anatafuta maharage au anatafuta pete. Alipata rangi nyingi. Nyeusi ndogo hakuipata, wala ile ya kijivu yenye jicho jekundu, wala ile inayowahi kukomaa. Wenye hizo hawakuzileta sokoni. Akachanganya alichopata na kukitikisa kikapuni ili mchanganyiko uonekane wa miaka mingi. Ulionekana mzuri, naye akaufunika haraka kwa kitambaa.

Siku ya harusi ua ulijaa. Watu wa Kalehe walikaa upande wa kulia na watu wa Cimpunda upande wa kushoto, na wengine waliketi juu ya ukuta. Ikafika zamu ya kikapu. Desturi ya ukoo ule ilitaka mwanamke aliye mkubwa kuliko wote akifunue mbele ya watu na kuziita mbegu kwa majina, moja baada ya nyingine, ili upande wa mume wajue wamepewa nini na bibi harusi akumbuke. Mwanamke huyo alikuwa Cibalonza. Alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini macho yake yaliona vizuri, yaliweza kutunga uzi kwenye sindano.

Adèle alisimama nyuma ya binti yake. Alimwona mama mkwe akiondoa kitambaa, akaona macho yake yakishuka kikapuni na kutulia. Uso wa mzee haukubadilika. Aliingiza mkono, akazigeuza mbegu mara moja, akautoa. Kisha akainua kichwa akamtazama Adèle, si kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Adèle alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua kwamba neno moja tu litakalotoka sasa litamvua nguo mbele ya ukoo mzima na wakwe pia.

Cibalonza akaanza kuita. Akaitaja nyeupe, akaitaja njano, akaitaja ya michirizi, na wanawake wakajibu kila jina kwa vigelegele. Kisha, kwa sauti ileile, akataja inayowahi kukomaa, ambayo haikuwemo. Akataja ya kijivu yenye jicho jekundu. Haikuwemo. Mwisho akaweka kiganja juu ya kikapu na kusema:

“Na hii ndogo ya mweusi, Mutoto wa Mvula. Constance, mwana wangu, usione ginsi iko mudogo. Siku ile mbegu ingine yote itakufa, hii itabakia. Ile siku utakumbuka miye.”

Akafunika kitambaa. Vigelegele vikapaa, watu wa Kalehe wakapiga makofi, na Constance akapokea kikapu kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka. Adèle naye alilia, na watu wakasema tazama mama anavyompenda bintiye.

Siku ya pili, wageni walipokwisha kuondoka, Cibalonza alimkuta Adèle jikoni akiosha masufuria. Akaketi kwenye kigoda. Hakufoka.

“Ile ya juu ya moto ni nini?”

“Mahindi, mama.”

“Tangu wakati gani?”

“Tangu wakati wa muradi.”

Mzee akatazama juu ya moto. Adèle akapiga magoti palepale kwenye maji machafu, akataka kuanza kuomba msamaha, naye Cibalonza akamzuia kwa mkono.

“Mi sitaki ile. Tangu nizaliwe, sikupata kusema wongo mbele ya watu. Jana nilisema, juu yako, na juu ya mutoto. Wongo yangu nimeisha beba. Sasa weye utaenda Kalehe, utamuambia Constance kweli, kabla mvula haijaanza. Asipande akifikiri iko na kitu haina.”

“Nitaenda, mama.”

“Enda mbio.”

Lakini hakwenda mbio. Niseme kweli, hapa ndipo ninapomkasirikia Adèle, mimi ninayemsikitikia kwa mengine yote. Mwezi wa nane mzima alikuwa na sababu. Ignace alikuwa na homa. Kamyo, lori la kwenda Kalehe, ilikuwa imeharibika. Kulikuwa na salongo, watu wa mtaa wanafagia barabara, na presidente hawezi kukosa. Usiku usingizi ulimruka, akapanga maneno, na asubuhi maneno yalikuwa yamekimbia. Cibalonza hakumuuliza tena. Alimpita tu uani akiinama kuokota kuni.

Mvua ya kwanza ilipiga mabati katikati ya mwezi wa tisa. Siku hiyo Adèle alijitupa juu ya kamyo iliyobeba chumvi na sabuni, akaenda Kalehe, huku njia nzima akiangalia mashamba ya kando ya ziwa ambako wanawake walikuwa wameinama wakipanda.

Alipokelewa na mama yake Honoré, mwanamke mnene mwenye kicheko, aitwaye Eulalie. Alimpa kiti na maji ya kunawa, akamuuliza habari za Bukavu. Kisha akamsogelea na kushusha sauti, kama anayemtetea mtu mbele ya hakimu.

“Mama, nilijua utakuja. Lakini nakuomba, usimugombeze Constance. Alisha kuomba pardon.”

“Pardon ya nini?”

“Ya ile mbegu. Hakukuambia? Wakati tulifungua kikapu ya kupanda, tulitafuta ile ndogo ya mweusi, hatuone. Na ile ya jicho nyekundu, hatuone. Mutoto akalia. Alisema ni yeye, ndio ilimwangika ku njia, kikapu iliinama ku kamyo na hakuangalia. Alipiga magoti hapa, mbele yangu na mbele ya wamama wa jirani. Miye nilisha kumusamehe. Ni mutoto, atajifunza. Lakini mbegu ya koko yake Cibalonza, ile iliniuma kidogo, siwezi kuficha.”

Adèle alikuwa ameshika kikombe cha maji. Damu ilimwenda mbio usoni hadi masikio yakavuma. Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mwanamke mwema alikuwa mbele yake, hakuna mwingine aliyekuwa akisikiliza. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa hiki:

“Aksanti, mama, kwa kumusamehe.”

Akanywa maji. Aliona haya kwa ajili ya maji yenyewe, kwamba yalipita kooni bila kumkaba.

Constance alikuwa shambani, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Alimwona mama yake kutoka mbali, akatupa jembe chini na kumkimbilia. Alikuwa amekonda kidogo. Kabla hata ya salamu kwisha akaanza kujieleza, kwamba alikifunga kikapu vizuri, kwamba hajui zilidondokea wapi, kwamba amezitafuta hata katika mikunjo ya kitenge, kwamba koko atamlaani.

“Nyamaza,” alisema Adèle. “Nyamaza, mwana. Haikumwangika. Haikukuwa ndani.”

Akamwambia yote. Akaanzia kwenye gunia na kibao, akapita kwenye mahindi ya juu ya moto, akafika sokoni na harusini. Alisimulia akiangalia jembe lililolala, kwa kuwa uso wa binti yake hakuuweza. Alipomaliza, Constance aliinama. Akaokota donge la udongo akalivunja kati ya vidole.

“Koko alijua?”

“Alijua pale pale, mbele ya watu.”

“Na akaita majina.”

“Akaita.”

“Mama, miye niliomba pardon kwa kitu sikufanya. Wamama wote waliniona. Sasa wananiita ule wa kumwanga.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu ngumu. “Na ile ya soko, nilisha kuwagawia. Kila jirani nilimupa kiganja, na kila mumoja akanirudishia yake. Walisema aksanti ya mbegu ya Cibalonza.”

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya pale: bibi harusi mgeni hugawa mbegu zake kwa majirani nao wakampa zao, na hapo ndipo anapokuwa mtu wa kijiji. Kwa hiyo uongo wa Adèle ulikuwa umeshapandwa kwenye mashamba ya watu asiowajua. Akainuka, akajifunga kitenge upya.

“Twende. Nitamuambia mukwe wako sasa ivi. Nitamuambia na wamama wote.”

Constance akamshika mkono.

“Hapana.”

“Mwana, ni haya yangu, si yako.”

“Ukisema yako, unasema na ya koko. Atauliza, kama haikukuwa ndani, mbona ule muzee aliita majina mbele yetu? Watasema kwetu tunatoa watoto na wongo. Koko amebakiza siku ngapi ya kuishi? Acha nikuwe niliyemwanga. Miye ni mutoto, wamesha nisamehe. Koko hawatamusamehe.”

Adèle akasimama pale, mkono wake mkononi mwa binti yake. Binti wa juzi alikuwa amepima mambo kumshinda yeye, na alikuwa ameyapima kwa kujiweka mwenyewe chini ya mzigo. Wakarudi nyumbani, Constance mbele, mama nyuma.

Asubuhi yake kamyo ilipiga honi barabarani. Eulalie alimsindikiza Adèle pamoja na majirani wawili watatu, wakimbebea ndizi na samaki wakavu. Constance alikuwa amefunga kwenye pembe ya kitambaa mbegu alizorudishiwa na wanawake wa Kalehe, akampa mama yake mbele ya watu wote.

“Ya kupanda Ciriri,” akasema.

Majirani wakashangaa kidogo, kwa kuwa hapo palikuwa na kitu kilichogeuzwa. Mama ndiye anayempa binti mbegu. Eulalie akacheka kulainisha mambo, akampiga Constance begani.

“Munaona, sasa anataka kulipa. Mama, usimukatalie. Ndio huyu mwenye alimwanga mbegu yetu ku njia.”

Wanawake wakacheka, kicheko cha upole, cha watu waliokwisha kusamehe. Adèle akamtazama binti yake. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka, neno lilikuwa limefika ulimini. Constance alimtazama pia, akatikisa kichwa kidogo sana, kisha akageukia wakwe zake akacheka pamoja nao.

“Ndiyo, mama,” akasema, “ndio miye nilimwanga.”

Adèle akafunga mdomo. Akapokea kitambaa kwa mikono miwili na kupanda juu ya kamyo, na kamyo ikaondoka. Watu wangesema alinyamaza kwa kumtii binti yake, kwa kumlinda Cibalonza, na yeye mwenyewe angependa sana kusema hivyo. Lakini aliijua nafsi yake. Wakati Constance aliposema neno lile, kabla ya huzuni, kabla ya kitu kingine chochote, moyo wake ulikuwa umepata nafuu.